Goli la Msibani

Kipa ndiye mtu pekee anayeiona mechi nzima, na ndiye anayelaumiwa kuliko wote. Yotamu Siame aliijua dhuluma hiyo tangu akiwa na miaka kumi na tisa, alipotoka kwao Nakonde, ng'ambo tu ya Tunduma, akaja mkoa wa shaba kutafuta kazi ya mgodi, akaishia langoni. Miaka kumi na minne alilinda lango la Mukuba Diggers, na miaka hiyo yote mbele yake alisimama mtu mmoja, Laban Chilekwa, beki wa kati. Ukimuuliza Yotamu habari za mpira, atakujibu habari za Laban. Mvumilie tu, maana hajui nyingine.

Asiyemjua Laban angedhani kapotea njia akaingia uwanjani kwa bahati mbaya. Mwembamba, mabega yameinama, anatembea kama mtu aliyedondosha sindano. Mbio hana. Kuruka haruki sana. Katika miaka kumi na minne alionyeshwa kadi mbili za njano, na moja kati ya hizo refa alimfuata baadaye kumwomba radhi. Lakini mpira ulimfuata yeye kama kuku anavyomfuata mwenye pumba. Mshambuliaji anatoa pasi aliyoifikiria kichwani mwake peke yake, hajamwambia hata mkewe, na pale inapokwenda kuangukia anamkuta Laban kasimama, ananyoosha soksi.

Yotamu alikuwa akitazama hayo kila Jumapili na hakuyazoea. Wengine walisema ni dawa. Watu wetu wakishindwa kueleza kitu hukimbilia dawa, tena wanaoisema sana ni wale waliokwenda kuitafuta wakatapeliwa.

Kazi ya Laban mgodini, kabla hajaruhusiwa acheze tu, ilikuwa kugonga paa. Anatangulia wenzake na mtaimbo, anagonga mwamba ulio juu ya vichwa vyao, anasikiliza. Mwamba mzima unalia. Ulioachana una sauti iliyokufa, kama debe lenye unga. Ukisikia vibaya wenzako hawapandi juu jioni. Aliifanya kazi hiyo miaka mitatu, na katika sehemu yake hakufa mtu.

"Unajuaje?" Yotamu alimuuliza siku moja kwenye basi la timu, wakirudi kutoka Kabwe.

"Nasikia."

"Unasikia nini?"

"Miguu. Mtu akitaka kupiga, hatua ya mwisho inakuwa fupi. Akitaka kutoa pasi, anavuta pumzi kwanza."

"Kwenye kelele za watu elfu kumi, Ba Laban?"

"Zile kelele si zangu," alisema Laban, akalala.

Jumapili iliyofuata Yotamu naye akajaribu kusikiliza miguu. Alifungwa goli la katikati ya mapaja, akaona bora arudie kutumia macho.

Sasa, kulikuwa na Zindaba Jere. Jere alikuwa mshambuliaji wa Lukanga Rangers, timu ya mji wa jirani, na kwa asili ni Mngoni wa Chipata. Laban ni Mbemba wa Kasama. Wabemba na Wangoni walipigana zamani hadi mikuki ikawachosha, wakabakiwa na matusi, na matusi hayo wamerithishana kwa upendo mkubwa. Watani hawa wakikutana sokoni mmoja atachukua karanga za mwenzake bila kulipa, na mwenye karanga atacheka. Uwanjani ilikuwa vurugu tupu, na kwa kawaida aliyeanza ni Jere.

"Mla nyani, mbona umechoka? Jana ulikimbizana na chakula?"

"Afadhali mimi nakimbiza. Wewe chakula chako kiko shimoni kwenye ukuta wa nyumba yako, kinakula unga wako kwanza."

"Panya ni nyama safi, Laban. Haina mikono kama ya mjomba wako."

Refa mmoja kutoka Livingstone, mgeni wa mambo hayo, aliwahi kuwaita wote wawili awape onyo. Walimtazama kwa huruma.

Jere alimfunga kila beki wa nchi ile. Aliwafunga kwa kichwa, kwa kisigino, mmoja alimfunga akiwa amekaa chini. Ila kwa Laban hakupata goli hata moja. Walikutana mara ishirini na nane, na mara zote ishirini na nane Jere alitoka uwanjani mikono mitupu, anatukana. Kwenye lango la uwanja alimkuta mama yake Laban, Bana Ng'andwe, ambaye aliuza munkoyo, togwa ya mahindi na mizizi, pale kwenye ndoo ya bluu. Bibi huyo alimtania Jere kuliko mwanawe alivyomtania. "Umeshindwa tena, mla panya? Njoo unywe, kiu ya bure mbaya." Akamjazia kikombe na kukataa hela yake. Jere alikunywa vikombe ishirini na nane vya munkoyo wa kushindwa, na nadhani hakuna aliyempenda bibi yule kuliko yeye, ukiondoa mwanawe.

Bana Ng'andwe alifariki mwezi wa nane, mwaka ule migodi ilipokuwa inauzwa. Laban alikuwa na miaka thelathini na sita na goti linalojaa maji. Siku ya pili ya msiba, wanaume wakiwa wamekaa nje kwenye moto, alimwambia kocha kwamba yeye na mpira basi; akimaliza kuzika anakwenda Kasama kulima mihogo. Alisema polepole, bila kulia. Hakuwa amelia tangu mwanzo. Yotamu alikuwa karibu, akasikia, na Jere, aliyekuwa anakata kuni, aliendelea kukata.

Makaburini watani walichimba, kama ilivyo haki yao. Jeneza lilipofika, Jere alikuwa amelala chali ndani ya kaburi, mikono kaifunga kifuani.

"Sitoki," alisema kutoka kule chini. "Nimechimba tangu alfajiri, mgongo umekatika. Hawa wala nyani wanataka kuzika bure."

"Toka wewe, jeneza zito!"

"Zito kwa nani? Bibi mwembamba vile, mnahema kama mmebeba trekta! Mleteni Laban aseme atanilipa nini."

Wanawake waliokuwa wanalia walianza kucheka huku machozi yanatoka, na hiyo ndiyo kazi ya mtani. Laban akasogea ukingoni.

"Unataka nini, Jere?"

"Goli."

Watu wakaangua kicheko.

"Goli moja tu. Mechi ya mwisho ya ligi, hapa hapa kwenu. Mwaka huu namaliza, nakwenda kufuga ng'ombe. Huyu mama kaniambia miaka yote mwanangu hapitiki, mwanangu hapitiki. Leo hayupo wa kunikatalia."

"Nimekupa," alisema Laban.

Kicheko kikakatika, maana sauti yake haikuwa na mzaha hata chembe. Jere akatoka, akakung'uta suruali, akashika kamba pamoja na wenzake wakamshusha bibi.

Ninyi mnaojua utani mnaelewa ubaya wa jambo lile. Mtani hanyimwi kaburini. Akinyimwa, wazee husema marehemu hatalala vizuri. Na mtani haulizwi kama anatania. Ukimuuliza, utani umeuvunja, na umemfanya mwenzako ombaomba. Kwa hiyo Laban hakuwa na njia ya kujua kama alidaiwa goli kweli au alichekeshwa. Alijaribu kuzungukia upande mwingine: alimpelekea Jere jogoo mwekundu. Jere akamchinja, akamla na ugali, akamtuma mpwa wake aseme, "Huyo alikuwa malipo ya sepeto, ya kuchimba kaburi. Goli bado."

Kasama hakwenda. Goli huwezi kulitoa ukiwa Kasama. Akarudi mazoezini, na hapo ndipo maajabu yalipogeuka kuwa mabaya, kwa sababu aliyerudi hakuwa Laban yule. Alisimama pale mpira ulipokuwa, badala ya pale ulipokuwa unakuja. Wavulana wa juzi walimpita. Diggers wakafungwa mechi nne mfululizo, wakateremka hadi ukingoni mwa shimo, na wenye mgodi wapya walikuwa wameshasema wazi kwamba timu ya daraja la pili hawatailisha.

"Sisikii," Laban alimwambia Yotamu wakiwa wanafua jezi. "Tangu tumzike sisikii kitu."

Mechi ya mwisho ikafika: Diggers na Rangers, Jumapili, mwezi wa kumi na moja, mvua za kwanza zimeshalainisha uwanja. Diggers walihitaji sare tu. Rangers walikuwa wa nne, hawapandi wala hawashuki. Mji mzima ulijua habari ya kaburini. Bibi mmoja muuza viwavi vikavu alimsimamisha Laban njiani akamwambia, "Baba, usimsumbue mama yako alikolala." Na hatua chache mbele kijana wa mgodini akamwambia, "Ukitushusha daraja, usirudi mtaa huu." Wote wawili walikuwa na haki, na hilo ndilo lililomla.

Chumba cha kubadilishia nguo kilinuka dawa ya kuchua. Yotamu alisubiri wenzao watoke.

"Ba Laban, nina watoto watano. Nyumba ni ya mgodi. Niambie ukweli. Utampa?"

Laban alikuwa anafunga kamba za viatu. Alizifunga, akazifungua, akazifunga tena. "Nilisema mbele ya mama."

"Na mimi?"

"Wewe udake."

"Nikidaka si utakuwa umemnyima?"

"Ndiyo."

"Sasa unataka nini, mtu wangu?"

"Sijui, Yotamu. Kweli sijui."

Yotamu alitaka kumpiga. Alitaka pia kwenda kwa kocha amwambie huyu asipangwe. Alifika hadi mlangoni kwa kocha, akasimama, akafikiri: nitasema nini? Kwamba mtu aliyenilinda miaka kumi na minne nisimwamini siku moja? Akaenda langoni. Hasira zote alizibeba na glavu zake.

Dakika themanini na sita hakikutokea kitu cha kusimulia. Mpira ulikuwa mbaya, wa watu wenye hofu. Jere alimfuata Laban kila mahali bila kumtania hata mara moja, na ukimya huo uliwatisha watu waliowazoea. Hakuna goli. Jukwaani watu walianza kuhesabu dakika kwa sauti.

Dakika ya themanini na saba kiungo wa Diggers akateleza kwenye tope. Mpira ukamwangukia Jere katikati ya uwanja, na mbele yake palikuwa na mtu mmoja tu, na nyuma ya huyo mmoja palikuwa na Yotamu.

Jere akaja. Alikuwa na miaka thelathini na nne lakini kwa hatua ishirini bado alikuwa Jere. Yotamu alimtazama Laban kwa nyuma, akayaona mabega yake yakishuka. Akajua. Laban alipiga hatua moja kushoto, nyingine tena, akasimama pembeni, mikono kaiweka nyuma, kama mwenye nyumba anavyompisha mgeni apite sebuleni. Kutoka jukwaani ilitoka sauti moja ya watu elfu kumi wakivuta pumzi.

Jere akapita. Lango lote likawa lake. Yotamu alipanua mikono, anawaza watoto watano.

Na Jere akausimamisha mpira.

Aliukanyaga kwa unyayo pale kwenye mstari wa eneo la penalti, akaligeuzia lango mgongo. Yotamu angeweza kuukimbilia ule mpira; ulikuwa hatua nane tu. Mpaka leo hajui kwa nini hakwenda. Anasema ni kama kumkuta mtu anasali, huwezi kumpita mbele.

"Wewe mla nyani!" Jere alipiga kelele, na uwanja ulikuwa umenyamaza kiasi kwamba hata wauza karanga walisikia. "Nani kakufundisha kutoa goli kama unampisha mgeni kiti? Miaka kumi na minne silali kwa ajili ya hili goli, leo unanipakulia kama ugali wa matanga? Njoo hapa! Njoo unizuie!"

Kocha wa Rangers alirusha kofia chini. Wachezaji wa timu zote mbili walikuwa wanakimbia kuja, na hata hivyo, Yotamu anaapa, hakuna aliyefika. Walipunguza mwendo wakiwa mbali, mmoja mmoja, wakasimama. Refa alikuwa na filimbi mdomoni na hakuipuliza, maana sheria gani imevunjwa? Mtu kasimama na mpira wake.

Laban alinyanyua kichwa. Akageuka. Akaja taratibu, na hapo Yotamu akaona kitu ambacho hakukiona tangu mwezi wa nane: kichwa kimeinama upande, sikio moja mbele, kama mtu aliye chini ya paa la mwamba.

Jere hakumchezea. Hili liwekwe wazi, kwa sababu wapo wanaosema alimwachia. Mimi nimewauliza walioketi nyuma ya lango, na Yotamu alikuwa hatua nane. Jere aligeuka kulia, akaukokota mpira kwa nje ya mguu, akasimama, akarudi kushoto, akapitisha mguu juu yake mara mbili, chenga aliyowaaibisha nayo mabeki wa nchi nne. Alikuwa anakusudia kufunga kwa moyo wake wote. Laban hakugusa kitu. Alikwenda naye kulia, akarudi naye kushoto, goti bovu na tope na yote, umbali ule ule kati yao, hauongezeki haupungui. Jere akaipata nafasi, upana wa mlango mmoja, akapiga hatua ya mwisho. Ilikuwa fupi.

Mguu wake ulipofika pale mpira ulipokuwa, mpira haukuwepo. Ulikuwa umeshaondoka na Laban, hata nyasi haikung'oka. Jere alipiga hewa, akakaa chini matakoni. Laban akatembea na mpira hatua tatu, akampa beki wa pembeni, kama siku zote, bila kuutazama unakokwenda.

Yotamu akagundua kwamba amepiga magoti. Hakumbuki alipiga magoti saa ngapi. Anasema amewaona watu wakifanya makubwa langoni na mgodini, na watu waliofukuliwa wakiwa hai baada ya siku tatu, lakini siku ile ndiyo aliyojua kwamba binadamu anaweza kufanya kitu na wewe uliye karibu ukaona aibu kupumua.

Filimbi ya mwisho ilipulizwa dakika tano baadaye, sifuri kwa sifuri, na Diggers wakabaki ligi kuu. Watu wakavunja uzio. Laban hakushangilia. Alimfuata Jere, akasimama mbele yake, mikono inaning'inia.

"Sikukulipa," alisema.

"Kaa chini, mjinga wewe."

Laban akakaa kwenye tope.

"Nilisikia unamwambia kocha umeacha mpira," alisema Jere. "Unakwenda Kasama kufa kwenye mihogo. Mimi ningesema nini, mbele za watu? Baki, nakupenda? Sisi tunasemaga hivyo? Nikadai goli. Nikajua huyu kichwa mbuzi, akiahidi, atavaa viatu." Akapangusa tope usoni kwa mkono wenye tope zaidi. "Sikujua utalitoa kweli. Mama yako angenitokea usiku na ile ndoo yake."

Hapo Laban akaanza kulia. Alianza kwa sauti ndogo, kisha ikawa kubwa, kilio cha miezi mitatu, mdomo wazi, mtu mzima wa miaka thelathini na sita katikati ya uwanja. Jere akamvuta kichwa akakiweka begani kwake, akawa anampigapiga mgongoni kwa kofi zito kama anamchua ng'ombe. "Lia, mla nyani," alimwambia. "Lia, bwana. Hata mimi goli limenipita, tulie wote."

Watu walikuwa wanakuja mbio kutoka kila upande, wanaimba, wanataka kumbeba. Yotamu Siame si Mbemba wala Mngoni, na katika msiba ule hakuwa na kazi yoyote. Aliwatazama wale wawili, akatoka langoni, akasimama mbele yao, akapanua mikono yake yenye glavu, akawazuia watu wasipite.